Mto Simiyu, Intaneti na Somo la Historia

(Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa zamani, mwalimu mstaafu wa Historia, katika mkutano wa pamoja wa wanafunzi wa zamani na wa sasa, Maswa)



 Barua niliyoletewa ilinitaka nizungumze juu ya matumizi ya intaneti katika kufundisha Historia na masomo ya jamii. Nadhani nilichaguliwa kwa sababu nimefundisha Historia miaka mingi, wala si kwa sababu mimi ni fundi wa kompyuta. Mambo ya mitambo nitawaachia vijana, ambao wakiona nabonyeza kitufe kwa kidole kimoja huondoka kwenda kucheka mbali. Mimi nitasema juu ya somo lenyewe.

Ndugu Mwenyekiti, nina jambo moja tu la kusema, na mengine yote yatakuwa ni ushahidi wake. Intaneti imetuletea hapa Maswa maandishi mengi ambayo zamani yalifungiwa London, Berlin na New York, na hapana budi tuyatumie. Lakini sehemu kubwa ya maandishi hayo yanayotuhusu sisi iliandikwa na watu waliokuwa wanapita njia. Mwanafunzi wa hapa anaijua nchi ambayo wao waliiona kwa siku chache. Kwa hiyo yafaa mwalimu amkalishe mwanafunzi mbele ya maandishi hayo kama mzee wa baraza anayesikiliza shahidi, asimkalishe kama mgeni anayepokea zawadi. Na pale ambapo shahidi hayupo kabisa, wajibu wa kumtafuta ni wetu.

Wenzangu wa rika langu wanakumbuka tulivyosoma Historia. Kitabu kilikuwa kimoja, nacho kilikuwa cha mwalimu. Mwalimu aliandika ubaoni, sisi tukanakili. Aliyeandika upesi alipata historia ndefu, na aliyechelewa alipata historia fupi. Hatukuuliza mwalimu ameyapata wapi aliyoyaandika, maana hatukuwa na njia ya kwenda kuyatazama huko alikoyapata.

Leo njia ipo. Mwaka 2009 mkongo wa mawasiliano uliopita chini ya bahari ulifika Dar es Salaam, na baadaye Mkongo wa Taifa ukaenea mikoani. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada katika Maktaba Mtandao yake, na mwalimu aweza kuvisoma bila malipo. Mtaala ulioboreshwa wa mwaka 2023 umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, nalo linafundishwa kwa Kiswahili. Haya yote ni mambo mema. Lakini kitabu cha kiada kimeandikwa kwa ajili ya nchi nzima, kuanzia Kagera hadi Mtwara. Maswa ikipata mistari miwili humo, imebahatika. Mwalimu anayetaka mwanafunzi wake aone kwamba historia ilipita hata nyuma ya nyumba ya babu yake, itambidi atafute zaidi.

Nitatoa mfano mmoja, nao ni wa mto wetu. Mkoa huu ulipoanzishwa mwaka 2012 ulipewa jina la Mto Simiyu. Wanafunzi wengi wanaujua mto huo kwa kuuvuka, kwa kunywesha ng'ombe na kwa kuchimba visima vya mchangani wakati wa kiangazi. Ni wachache wanaojua kwamba mto huo uliandikwa katika kitabu kilichosomwa Ulaya na Marekani tangu mwaka 1878.

Mwandishi alikuwa Henry Morton Stanley. Aliondoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874, akapita Ugogo, akapigana vita na wenyeji huko Ituru mnamo Januari 1875, kisha akaingia Usukuma. Tarehe 27 Februari 1875 akafika kando ya ziwa, mahali alipopaandika Kagehyi, ambapo sisi tunapaita Kageye, upande wa Magu. Kitabu chake kinaitwa Through the Dark Continent, nacho ni cha juzuu mbili. Kwa kuwa ni cha zamani, hakina tena mwenye kudai haki ya kukichapa, na nakala zake zimepigwa picha ukurasa kwa ukurasa zikawekwa katika maktaba ya intaneti iitwayo Internet Archive, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1996. Mwalimu wa Maswa aweza kukipakua chote usiku mmoja, mradi bando lisimwishie njiani.

Hayo ndiyo niliyoyafanya kabla sijastaafu. Nilipakua sura ya safari ya Usukuma, nikachagua kurasa tatu, nikazichapa nakala nane kwa wanafunzi arobaini wa kidato cha pili. Gharama yake ilikuwa kama bei ya soda tatu. Kiingereza cha karne ya 19 ni kigumu, kwa hiyo niliandika tafsiri ya Kiswahili ya aya mbili ubaoni, ili asiyeelewa lugha asinyimwe historia.

Kazi ya kwanza ilikuwa kutafuta majina. Stanley aliandika kwa sikio lake, na sikio lake lilikuwa la Kiingereza. Kulikuwa na neno Shimeeyu. Wanafunzi walilitazama kwa muda. Kisha kijana mmoja wa nyuma akalisoma kwa sauti kama lilivyoandikwa, na darasa zima likaitika kwa pamoja: "Simiyu!" Kuanzia hapo sikuhitaji tena kumnyamazisha mtu wala kumwamsha.

Kazi ya pili ilikuwa kusoma anachodai. Stanley anasema kwamba kuna mto unaoanzia mbali kusini kwa jina la Leewumbu, ukifika mbele unaitwa Monangah, na mwisho unageuka kuwa Shimeeyu na kumwaga maji ziwani. Anakadiria urefu wake kuwa kiasi cha maili 350, yaani zaidi ya kilomita 560, na anauona kuwa ndio unaoanzia kusini kabisa miongoni mwa mito inayolisha Mto Nile.

Kazi ya tatu ilikuwa kumpima. Nilitundika ramani ya Tanzania, nikawapa kila kikundi kalamu ya buluu, nikawaambia wafuate maji. Monangah waliitambua upesi kuwa ni Manonga, maana baadhi yao wana ndugu upande wa Kishapu na Igunga. Wakaifuata. Manonga ikawapeleka kwenye mbuga ya Wembere, Wembere ikawapeleka Ziwa Kitangiri, na kutoka hapo wakatokea Mto Sibiti, ule wenye daraja linalounganisha Meatu na Mkalama. Sibiti ikawaingiza Ziwa Eyasi, nalo Eyasi halina mto utokao. Kalamu zikasimama hapo. Simiyu, kwa upande wake, waliiona inaanzia upande wa nyika za Serengeti, inakwenda magharibi na kuingia Ghuba ya Speke huko Magu. Mito miwili, maji mbalimbali, wala haikutani. Tukatazama pia picha za setilaiti kwenye kompyuta yangu, wakipokezana vikundi vikundi, na jibu likawa lile lile.

Ndugu Mwenyekiti, lilikuwa jambo kubwa kwa watoto wale. Kitabu kilichotoka Ulaya, chenye picha na ramani za kukunja, kilikuwa na kosa, na kosa hilo lilionwa na mtoto wa Maswa kwa kalamu ya buluu. Baadhi yao walitaka kuhitimisha palepale kwamba Stanley alikuwa mwongo. Nikawazuia. Niliwauliza: mtu huyu aliwezaje kukosea? Hapo ndipo somo la Historia lilipoanza hasa.

Walitoa sababu nzuri. Mmoja alisema Stanley alivuka mito mahali mbalimbali, akaunganisha vipande kwa kukisia. Mwingine alisema alikuwa na haraka, ametoka vitani, na watu wake walikuwa wamechoka na wengine wamekufa. Mwingine akakumbusha kwamba Speke aliliona ziwa hilo mwaka 1858 na Wazungu walikuwa bado wanabishana juu ya chanzo cha Nile, na kwamba mtu anayetafuta kitu kwa hamu hukiona hata mahali ambapo hakipo. Binti mmoja ambaye kwao ni kando ya mto akasema, "Mwalimu, mto wetu wakati mwingine ni mchanga mtupu. Anayeuona siku moja hajauona." Nililiandika neno hilo ubaoni.

Kisha tukampa Stanley haki yake. Simiyu kweli humwaga maji ziwani, na maji ya ziwa hutoka kwa Nile. Kwa hiyo tone la mvua linaloanguka katika bonde la Simiyu laweza kufika Misri. Hilo hakukosea. Mwisho tuliuliza juu ya jina la kitabu: bara hilo lilikuwa na giza machoni mwa nani? Wapagazi wa Unyamwezi na Unguja waliombebea mizigo walikuwa wanajua njia nyingi kabla yake. Jina lenyewe la Usukuma ni ushahidi. Kwa wazee wetu dira ilikuwa katika lugha: sukuma ni kaskazini, dakama ni kusini, kiya ni mashariki, ng'weli ni magharibi. Watu waliokuwa na maneno hayo hawakuwa wamepotea.

Nimeeleza mfano huo kwa urefu kwa sababu unaonyesha utaratibu ambao mwalimu yeyote aweza kuufuata. Achague maandishi mafupi. Ayatafsiri kidogo. Awape wanafunzi kitu cha kupima nacho, kama ramani, mahali wanapopajua, au maandishi ya pili yanayosema tofauti. Kisha aulize maswali matatu: Nani ameandika? Aliandika lini, na kwa ajili ya nani? Amejuaje? Mwanafunzi akizoea maswali hayo matatu, hatadanganywa kwa urahisi, darasani wala mitaani.

Sasa niseme kidogo juu ya kutafuta, maana walimu wengi huniambia, "Nimeandika Maswa kwenye kompyuta, sikupata kitu." Sababu moja ni tahajia. Wajerumani waliotawala hapa waliandika Muansa kwa Mwanza na Ussukuma kwa Usukuma. Burton na Speke waliita Tabora kwa jina la Kazeh. Usipojua majina hayo utapita karibu na mlango wala hutauona. Chuo Kikuu cha Frankfurt, huko Ujerumani, kimeweka kwenye intaneti kamusi ya makoloni iliyohaririwa na Heinrich Schnee, gavana wa mwisho wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, na iliyochapwa mwaka 1920. Kimeweka pia picha zaidi ya 50,000 zilizokuwa mali ya Shirika la Makoloni la Ujerumani. Picha hizo ni somo zuri sana kwa wanafunzi. Waulizeni nani anatajwa kwa jina chini ya picha na nani hatajwi. Mara nyingi Mzungu mmoja ana jina, na watu kumi waliosimama karibu naye wanaitwa "wenyeji" tu.

Kwa somo la Uraia upo mfano mwingine. Tangu mwaka 1946 Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, na Mwingereza ndiye aliyekabidhiwa kuisimamia. Kwa ajili hiyo mwananchi alikuwa na haki ya kupeleka malalamiko New York. Watu wa Meru walipohamishwa katika ardhi yao mwaka 1951, Kirilo Japhet alikwenda huko mwaka 1952 kuwasemea. Mwalimu Nyerere naye alisema mbele ya Baraza la Udhamini mnamo Machi 1955. Malalamiko ya watu wa Tanganyika yalipewa namba inayoanza kwa T/PET.2, na mengi yake sasa yanapatikana katika maktaba ya intaneti ya Umoja wa Mataifa. Vilevile mijadala ya Bunge la Uingereza tangu mwaka 1803 imewekwa wazi, na Bunge letu linaweka taarifa zake rasmi za majadiliano. Mwanafunzi akisoma barua moja ya mkulima wa Tanganyika kwa Umoja wa Mataifa, na karibu yake majibu ya serikali ya kikoloni, ataelewa haki ya raia kuliko akikariri maana yake katika mstari mmoja.

Lakini hapa ndipo penye shimo. Kati ya mwaka 1954 na 1958 serikali ya kikoloni ilikataa matawi ya TANU yasifanye kazi Usukuma. Ukisoma maandishi ya watawala utaona wanavyojitetea. Utaona pia kwamba wakati huohuo vyama vya ushirika vya wakulima wa pamba vilikuwa vinakua. Wakulima walikuwa wamechoshwa na mizani ya wanunuzi, na jitihada za kina Paul Bomani zilizaa Muungano wa Vyama vya Ushirika vya Victoria mwaka 1955. Swali ambalo mwanafunzi wa Maswa atauliza ni hili: hapa kwetu watu walifanyaje? Walikutana wapi? Nani alisimama penye mizani kijijini kwetu, na mkulima alimwamini kwa sababu gani? Swali hilo, ndugu zangu, ukiliuliza intaneti inanyamaza.

Na siku hizi hainyamazi vizuri. Zipo programu za akili mnemba ambazo ukiziuliza juu ya mtemi wa Ntuzu, wa Itilima au wa Mwagala, zitakujibu kwa ufasaha mkubwa hata pale ambapo hazina habari yoyote. Yapo pia maneno mengi yanayosambazwa kwa simu kwa jina la Mwalimu Nyerere, mengine yakiwa hayaonyeshi alikuwa wapi wala mwaka gani alipoyasema. Azimio la Arusha lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967, na maandishi yake yapo. Anayetaka kujua linasema nini, alisome lenyewe. Siwaambii wanafunzi wasitumie programu hizo. Nawaambia waziulize maswali yale matatu, na zikishindwa kujibu la tatu, yaani "umejuaje?", wasiandike jibu hilo katika daftari.

Najua, Ndugu Mwenyekiti, kwamba wazazi wengine wana wasiwasi. Wanasema intaneti itawapotosha watoto, na kwamba simu zimekatazwa shuleni. Mimi nakubaliana na katazo hilo. Niliyoyaeleza hayakuhitaji simu hata moja mkononi mwa mwanafunzi. Yalihitaji mwalimu mmoja mwenye bidii, kompyuta moja, na karatasi. Mwalimu hupakua mambo akiwa mahali penye mtandao mzuri, huyahifadhi, na huja nayo darasani. Hata umeme ukikatika karatasi husomeka. Ipo na njia ya kuhifadhi maktaba nzima, kama Wikipedia ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2003, katika kompyuta isiyounganishwa na mtandao wowote. Kwa hiyo udhuru wa kwamba hatuna chumba cha kompyuta hautoshi.

Sasa nije kwa ninyi wenzangu tuliosoma hapa, maana hapa ndipo nilipokuwa nakuja tangu mwanzo.

Mtu aliyekuwa na umri wa miaka 20 mwaka 1958, TANU iliporuhusiwa Usukuma, leo anakaribia miaka 90. Aliyekuwa na umri huo wakati wa Operesheni Vijiji mwaka 1974 amepita miaka 70. Wale walioanzisha sungusungu mwanzoni mwa miaka ya 1980, ng'ombe walipokuwa wanaibwa kila usiku, ni wazee wa leo. Habari za sungusungu zimeandikwa na wataalamu wa vyuo vikuu vya ng'ambo, kwa Kiingereza, na mara nyingi ukitaka kuzisoma kwenye intaneti unadaiwa malipo kwa fedha za kigeni. Wenyewe waliopiga filimbi na kukimbia na upinde usiku wako hapa hapa, katika vijiji vyetu, na kuwasikiliza hakuhitaji malipo ila adabu na muda. Kila mwaka tunawazika baadhi yao. Tunasoma wasifu wa dakika tano makaburini, tunarudi nyumbani, na mambo waliyoyajua yanakuwa yamekwisha.

Upande wa Mwanza, Padre David Clement, mtu wa Kanada, ndiye aliyeanzisha makumbusho ya Wasukuma pale Bujora. Tumshukuru. Lakini tusingoje mtu mwingine atoke ng'ambo ndipo Maswa iandikwe. Maswa ya zamani ilikuwa kubwa, na Bariadi, Itilima na Meatu za leo zote zilikuwa ndani yake. Reli ya kutoka Tabora kwenda Mwanza, iliyomalizika mwaka 1928, inapita Malampaka. Ni nani ameandika habari za watu waliobeba pamba kwenda kituoni hapo?

Kwa hiyo naomba mambo matatu.

La kwanza, Umoja wetu uipe shule kompyuta moja ya mkononi, mashine moja ya kuchapia, kinasa sauti kimoja na diski mbili za kuhifadhia. Mtaona sikuomba kompyuta arobaini. Kompyuta arobaini zisizo na mtu wa kuzitunza huishia kufunikwa vitambaa.

La pili, kila mmoja wetu akafungue masanduku ya nyumbani kwao. Stakabadhi za pamba, kadi za ushirika, barua, picha za harusi, ripoti za shule, vyote hivyo ni historia. Vileteni vipigwe picha, kisha mrudi navyo. Hakuna atakayenyang'anywa kitu.

La tatu, kila likizo wanafunzi wa Historia wapewe kazi ya kumsikiliza mzee mmoja, na sisi wanafunzi wa zamani tuwapeleke kwa wazee hao na kuwatambulisha. Utaratibu wake uwe thabiti. Mzee aombwe ruhusa kwanza. Azungumze Kisukuma kama ndiyo lugha anayoipenda, na tafsiri ya Kiswahili ifuate. Yaandikwe mahali, tarehe na umri wake. Mwanafunzi asimsahihishe mzee. Wazee wawili wakitofautiana, maneno ya wote wawili yahifadhiwe. Na jambo ambalo mzee hataki litangazwe lisiwekwe kwenye intaneti hata kidogo, maana yapo mambo ya vijijini, hasa ya sungusungu na ya ardhi, ambayo yaweza kuamsha ugomvi uliolala. Baada ya hapo, yale yaliyoruhusiwa tuyaweke wazi, ili siku mtu wa Dar es Salaam au wa Frankfurt akiandika neno Maswa, akutane na sauti ya mtu wa Maswa.

Nanyi wanafunzi, neno langu kwenu ni fupi. Msiyaogope maandishi yaliyotoka mbali, wala msiyapokee kwa magoti. Someni lugha kwa bidii, Kiingereza, na Kijerumani kwa atakayeweza, maana funguo nyingi ziko huko. Lakini msiache Kisukuma cha bibi zenu, kwani bila hicho hamtaweza hata kuuliza swali la kwanza. Likizo hii, kabla ya kuomba simu ya kaka, kaeni na babu au bibi jioni moja, mkaulize mizani ya pamba ilikuwa wapi na nani alikuwa anaisoma. Mkirudi mwambieni mwalimu wenu mliyoyasikia, naye ayaandike ubaoni.

Ndugu Mwenyekiti, naona mpishi amekwisha chungulia mlangoni mara mbili, na mimi najua maana yake.  Maombi yangu matatu nimeyaandika katika karatasi na nitamkabidhi Katibu kabla ya chakula, ili yajadiliwe katika kikao cha mchana.